Rovu Milimani: Historia ya Tezi ya Shingo Ukinga na Kazi Iliyobaki Mikononi Mwetu



Mwana-Makete mwenye umri wa miaka hamsini na kuendelea hahitaji kuelezwa rovu ni nini. Alikua akiliona shingoni mwa watu wazima wa kijiji chake, na pengine shingoni mwa wenzake darasani. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1995 anaweza kumaliza shule bila kuliona. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya kizazi kimoja tu, na ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya afya ambayo wilaya yetu imewahi kuyapata.

Tunaiandika historia hiyo katika kijarida cha mwaka huu kwa sababu mbili. Kwanza, kilicholiondoa rovu ni bidhaa ya dukani, yaani chumvi, na wanaoipeleka chumvi milimani ni sisi wenyewe wafanyabiashara wa Makete. Pili, rovu kubwa limepungua lakini magonjwa ya tezi ya shingo hayajaisha. Wapo ndugu zetu wanaoishi nayo bila kujua, ilhali dawa zake zipo.

Kwa nini milimani

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, ipo tezi yenye umbo la kipepeo. Wataalamu wa Kiswahili huiita dundumio. Wengi wetu tunaiita tezi ya shingo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige haraka kiasi gani, joto lizalishwe kiasi gani, chakula kitumikeje. Kwa mtoto aliye tumboni na mchanga, homoni hizo ndizo zinazojenga ubongo.

Malighafi ya homoni hizo ni madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito takriban 250. Ni kiasi kidogo mno: mtu akiishi miaka 70, jumla ya madini joto anayohitaji haifiki gramu 4, yaani kama kijiko cha chai. Lakini kijiko hicho lazima kigawanywe katika siku zote za maisha yake, kwa sababu mwili hauwezi kuweka akiba ya muda mrefu.

Madini joto mengi ya dunia yamo baharini. Katika nchi za milima mirefu yenye mvua nyingi, maji yameyasomba kutoka kwenye udongo kwa maelfu ya miaka. Viazi, ngano, mahindi na mboga zinazoota katika udongo huo huwa nayo machache, na mifugo inayokula nyasi zake vilevile. Hiyo ndiyo hali ya nchi yetu, kuanzia Kitulo na Matamba hadi Bulongwa, Tandala na Lupila. Tezi ikikosa malighafi, ubongo huisukuma ifanye kazi zaidi, nayo hutanuka. Kule kutanuka ndiko rovu.

Kwa hiyo rovu halikuwa laana wala ugonjwa wa ukoo fulani. Wala halikuwa aibu ya Wakinga, Wawanji au Wamagoma peke yao. Ni ugonjwa wa udongo, na umewapata watu wa milima kote duniani, kuanzia Alps hadi Himalaya na Andes.

Daktari aliyepima shingo za Ukinga

Mtu aliyeiweka hali yetu katika maandishi ya kitabibu ni Dkt. Michael Latham. Alizaliwa Kilosa mwaka 1928, akasomea udaktari Ulaya, kisha akarudi kuwa daktari wa serikali ya Tanganyika hadi miaka ya mwanzo ya uhuru. Alipanda Ukinga, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Njombe, akawapima watu shingo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1965: karibu robo tatu ya watu aliowapima walikuwa na tezi iliyotanuka. Ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa popote.

Ukitafakari idadi hiyo utaelewa kwa nini wazee wengi hawakuliona rovu kuwa ugonjwa. Penye watu wanne, watatu wakiwa na shingo iliyojaa, asiye nayo ndiye anayeonekana tofauti. Hasara kubwa zaidi haikuonekana shingoni. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito huleta mimba kuharibika na watoto wanaozaliwa wamekufa. Ukiwa mkali sana, mtoto huzaliwa na udumavu wa akili na mwili, pengine bubu na kiziwi, asiweze kutembea vizuri. Hata upungufu wa wastani humpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa mzito au mvivu, na hakuna aliyejua kwamba alizaliwa akiwa amepunjwa.

Milima mingine ilifanyaje

Wakati Latham anapima shingo za Ukinga, dawa ya tatizo ilikwisha kujulikana zaidi ya miaka arobaini. Madini joto yaligunduliwa na Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811 katika majivu ya mwani. Mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva alianza kuyatumia kutibu rovu. Kati ya 1917 na 1920, David Marine na mwenzake Kimball waliwapa wasichana wa shule wa Akron, Marekani, dozi ndogo za madini joto, na ikadhihirika kwamba rovu linazuilika. Mwaka 1922 Uswisi ikaanza kutia madini joto kwenye chumvi, na jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924.

Uswisi ya wakati huo ilikuwa na mabonde ambayo rovu na udumavu wa akili vilikuwa jambo la kawaida kama lilivyokuwa rovu kwetu. Leo hayo yamebaki katika vitabu. Uswisi haikuhamisha watu wake wala kubadilisha udongo wake; ilibadilisha chumvi.

Kapsuli za miaka ya 1980

Kwetu mabadiliko yalianza baada ya Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, kufanya upimaji mashuleni. Ilionekana kwamba takriban asilimia 25 ya watoto wa shule nchini walikuwa na rovu, huku nyanda za juu za kusini zikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Kutia madini joto kwenye chumvi ya nchi nzima kungechukua miaka, na watoto walikuwa wanazaliwa kila siku. Hivyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa Sweden na UNICEF, ilianza kugawa kapsuli za mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana. Makete ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo.

Wengi mnakumbuka foleni hizo. Kapsuli ilimezwa palepale mbele ya mhudumu, na ilitosha kwa mwaka mmoja au zaidi. Mwaka 2009 wachumi watatu walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tanzania ambao mama zao walifikiwa na kapsuli hizo wakiwa wajawazito. Walikadiria kwamba watoto hao walisonga mbele shuleni kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka zaidi ya wenzao, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Watafiti wengine waliorudia hesabu hizo wamebishia ukubwa wa matokeo. Hata hivyo, kwamba madini joto hulinda ubongo wa mtoto tumboni ni jambo ambalo halina ubishi.

Chumvi na wafanyabiashara wake

Kapsuli zilikuwa daraja tu. Katika miaka ya 1990 kanuni ziliagiza chumvi yote ya kuliwa itiwe madini joto, na wazalishaji wakapewa mashine na mafunzo. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kaya zipatazo asilimia 84 zilikuwa zikitumia chumvi yenye madini joto, na rovu kwa watoto wa shule lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 25 hadi asilimia 7 hivi.

Kuna jambo katika historia hii ambalo watu wengi hukosea. Wanadhani chumvi ya bahari ina madini joto yake yenyewe, kwa hiyo haihitaji kuongezewa. Si kweli. Maji ya bahari yanapokaushwa juani, madini joto yanayobaki kwenye chumvi ni machache mno. Ushahidi umetoka visiwani kwenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu wa madini joto Unguja na Pemba, mahali palipozungukwa na bahari, kwa sababu chumvi iliyoliwa huko nyingi haikuwa imetiwa madini hayo.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Mababu zetu walikuwa wahunzi, na majembe yao yalishuka hadi Unyakyusa kubadilishwa kwa ng'ombe. Siku hizi Mkinga anajulikana kwa duka: Makambako, Mbeya, Iringa, Kariakoo. Gunia la chumvi linalofika Ukwama au Iwawa mara nyingi limepita katika mkono wa mmoja wetu. Tukinunua chumvi isiyotiwa madini joto kwa sababu ni nafuu kidogo, hakuna ofisi itakayoona tofauti. Chumvi ni nyeupe vilevile na ladha ni ileile. Tofauti itaonekana miaka kumi baadaye, darasani.

Hata chumvi nzuri inaweza kuharibika njiani. Madini joto hupotea kwa unyevu, jua na joto. Gunia lililonyeshewa kwenye lori, au lililoachwa wazi barazani kwa wiki kadhaa, linaweza kufika kwa mlaji likiwa limepoteza sehemu kubwa ya faida yake. Nyumbani chumvi iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Hakuna haja ya kula chumvi nyingi. Kiasi cha kawaida kinatosha, na chumvi ya kuzidi hupandisha shinikizo la damu. Kwa anayetaka uhakika, kuna kipimo cha matone: chumvi yenye madini joto ikidondoshewa hugeuka bluu au zambarau, na isiyo nayo hubaki nyeupe.

Tezi bado inaugua

Upungufu wa madini joto ni chanzo kimoja tu. Tezi huugua pia kwa sababu kinga ya mwili imeigeukia, kwa sababu ya vivimbe vya zamani, baada ya kujifungua, au baada ya upasuaji. Magonjwa haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hayaangalii mtu anaishi mlimani au mjini. Yamegawanyika katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni tezi iliyopungukiwa nguvu. Mwili unakwenda polepole. Mtu huchoka bila kazi, huongezeka uzito ingawa hali sana, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hunyonyoka, sauti huwa nzito, uso hujaa, mawazo huwa mazito na hedhi huvurugika. Huhisi baridi kuliko wenzake. Baridi ya Makete ya mwezi Juni humpata kila mtu. Lakini ndugu anayevaa koti Dar es Salaam mwezi Januari anastahili kupimwa.

Kundi la pili ni tezi iliyozidisha kasi. Moyo hudunda hata akiwa amekaa, mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea, hasira huwa karibu, na mtu hukonda huku akila vizuri. Wengine macho hutokeza. Wilaya yetu imeumizwa sana na UKIMWI, na ndiyo maana mtu akikonda minong'ono huanza mara moja. Wapo wanaoogopa kwenda hospitali kwa ajili ya minong'ono hiyo, na wapo wanaopimwa virusi, wakaambiwa hawana, kisha wakaachwa bila jibu. Jibu linaweza kuwa shingoni. Pia, kwa wazee wenye rovu la zamani lenye mabonge, tezi inaweza kuanza kuzidisha kasi madini joto yanapoongezeka. Jambo hilo lilionekana Zimbabwe na Kivu, mashariki ya Kongo, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea. Hiyo si sababu ya kuiacha chumvi hiyo, bali ni sababu ya kuwapima wazee wetu.

Kwa mtoto mchanga, angalieni manjano isiyoisha, choo kigumu, ulimi mkubwa, kilio cha kukwaruza, na mtoto anayelala mno asiyetaka kunyonya. Nchi tajiri hupima tone la damu ya kisigino cha kila mtoto siku chache baada ya kuzaliwa. Kwetu hiyo bado si huduma ya kawaida, kwa hiyo jicho la mama na la mhudumu ndilo kipimo cha kwanza. Dawa inapaswa kuanza ndani ya wiki za mwanzo, kwa sababu ubongo hausubiri.

Na kwa mtu yeyote: uvimbe wa shingo unaokua haraka, ulio mgumu, unaokwaruza sauti au unaozuia kumeza na kupumua, upelekwe hospitali bila kungoja msimu wa mavuno uishe.

Dawa zilivyopatikana na zinavyotumika

Mwaka 1883 daktari mpasuaji Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliripoti jambo la kusikitisha. Wagonjwa aliokuwa amewaondolea tezi yote kwa ajili ya rovu walipona kidonda, lakini baadaye wakavimba uso na kuwa wazito wa mwili na akili. Ndipo dunia ikaelewa tezi hufanya kazi gani. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja mgonjwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mama yule alipata nguvu, akaishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni yenyewe, na leo inatengenezwa kiwandani kama kidonge kiitwacho levothairoksini.

Levothairoksini ndiyo tiba ya tezi iliyopungukiwa nguvu. Humezwa mara moja kwa siku, asubuhi kabla ya chai, kwa maji matupu, kisha mtu angoje nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya kuongeza damu na vya chokaa huizuia isiingie mwilini, kwa hiyo viachane nayo kwa saa nne. Kina mama wajawazito wanaopewa vidonge vya damu kliniki wazingatie hili sana. Dozi haipangwi kwa kukisia. Hupangwa kwa kipimo cha damu kiitwacho TSH, ambacho hurudiwa wiki sita hadi nane baada ya dozi kubadilishwa. Mjamzito mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi, hivyo amwone daktari mara anapojua ana mimba. Wengi huimeza maisha yao yote. Anayeiacha kwa sababu amejisikia vizuri atarudi alikotoka, maana amejisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Kwa tezi iliyozidisha kasi kuna njia tatu. Ya kwanza ni vidonge vinavyoizuia tezi kutengeneza homoni, kama kabimazoli, ambavyo mara nyingi hutumiwa kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Dawa za aina hii zilianza kutumika mwaka 1943 kwa kazi ya Edwin Astwood wa Boston. Mara chache sana hupunguza chembe nyeupe za damu. Anayezitumia akipata homa na koo kuuma, aache dawa na aende kupima damu siku hiyohiyo. Mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta amwambie daktari, kwa kuwa huenda akabadilishiwa dawa. Propranololi hutuliza moyo na mtetemo wakati wa kusubiri, lakini haimfai mwenye pumu. Njia ya pili ni madini joto yenye mionzi, yanayopatikana katika hospitali chache za rufaa na hayapewi mjamzito wala anayenyonyesha. Ya tatu ni upasuaji. Baada ya njia hizi mbili za mwisho wengi hubaki wakihitaji levothairoksini, kama wagonjwa wa Kocher walivyotufundisha.

Rovu la muda mrefu lisilo na dalili nyingine laweza kuangaliwa tu. Rovu dogo la kijana hunywea madini joto yakitosha; la mzee lenye mabonge kwa kawaida halinywei, na hakuna haja ya kumnunulia matone ya madini joto ya mtaani. Madini joto ya kupita kiasi nayo huivuruga tezi.

Mchango wa mwaka huu

Michango ya mwaka huu itaelekezwa katika mambo matatu. La kwanza ni chupa za matone ya kupimia chumvi kwa shule za msingi, ili wanafunzi walete chumvi ya nyumbani kidogo na waone wenyewe rangi inavyogeuka. La pili ni mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo kulipia kipimo cha TSH na nauli ya kufika hospitali. La tatu ni semina kwa wahudumu wa afya wa vijiji na wakunga kuhusu dalili tulizozieleza hapa, hasa kwa watoto wachanga.

Kuna mchango wa nne usiohitaji bahasha. Kila mwanachama mwenye duka, ghala au gari la mizigo aangalie chumvi anayoinunua: imefungwa vizuri, imeandikwa kuwa ina madini joto, imekaa pakavu. Kapsuli tuliletewa na wengine, na zimekwisha kupita. Chumvi tunaipeleka sisi, kila wiki, na watoto watakaozaliwa Makete mwaka ujao wataila hiyohiyo tutakayoipakia.

Karibuni tuchangie.